Karamu ya Herode na Kinyongo cha Herodia



Kila mwaka, tarehe 29 mwezi wa Agosti, Eklezya yaadhimisha kifo cha Mtakatifu Yoane Mbatizaji. Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo mwalijua vema jina lake, kwa kuwa ndiye aliyembatiza Bwana wetu katika mto Yordani. Lakini wengi hukumbuka tu kwamba alikatwa kichwa, wasiulize alikatwa kwa sababu gani, wala ni nani aliyetaka afe. Yoane hakufa vitani. Hakuuawa na wanyang'anyi njiani. Aliuawa katika siku ya furaha ya jamaa moja, watu walipokuwa wakila na kunywa na kupiga makofi. Na aliyeomba kifo chake alikuwa mke wa mwenye karamu.

Mwenye kuisikiliza habari hii kijuujuu aweza hata kucheka. Mtawala mwenye askari wengi anashindwa na msichana mcheza ngoma. Mtu mzima anaogopa kuchekwa na walevi kuliko anavyomwogopa Mungu. Basi, ucheke kidogo, ikiwa wataka. Kisha unyamaze ujitazame moyoni, maana huenda utawatambua watu wa karamu ile katika kijiji chako, na labda katika nyumba yako.

I. Mgeni aliyemtwaa mke wa mwenyeji wake

Herode tunayemsema hapa si yule Herode Mkuu aliyewaua watoto wa Betlehemu. Ni mwanawe, aitwaye Herode Antipa. Baba yake alipokufa, katika mwaka wa 4 kabla ya Kristu, Waroma walimwachia nchi mbili, Galilea na Perea. Watu walizoea kumwita mfalme, na Mtakatifu Marko amwita hivyo pia, lakini cheo cha ufalme hakuwa nacho. Alikuwa mtawala mdogo chini ya Kaisari wa Roma. Mlishike neno hili, kwa kuwa tutalirudia.

Naye Herodia alikuwa mjukuu wa Herode Mkuu. Aristobulo, baba yake Herodia, aliuawa kwa amri ya Herode Mkuu, baba yake mzazi. Mariamne, nyanya yake Herodia, aliuawa vilevile kwa amri ya Herode huyo, aliyekuwa mumewe. Hiyo ndiyo nyumba aliyotoka Herodia. Tangu utoto alisikia kwamba mtu akikusumbua, waweza kumwondoa. Hayo hayamwondolei dhambi yake; lakini wazazi na wafikiri ni mafundisho gani watoto wao wanayapata nyumbani, hata wasipofundishwa kwa maneno.

Flavius Josephus, Myahudi aliyeandika historia ya taifa lake katika karne ya kwanza, atusimulia jinsi ndoa ya Herode na Herodia ilivyoanza. Herode alikuwa na mke, binti wa Areta, mfalme wa Wanabatea. Siku moja alifunga safari ya kwenda Roma, na njiani akafikia kwa ndugu yake, mwana wa baba mmoja na mama mwingine. Ndugu huyo ndiye Evanjili imwitaye Filipo. Alipokelewa kama ndugu, akapewa chakula na mahali pa kulala. Naye, badala ya kushukuru, akamtamani Herodia, mke wa mwenyeji wake. Wakapatana kwa siri kwamba atakaporudi kutoka Roma, Herodia atamwacha mumewe, na Herode atamfukuza binti wa Areta.

Binti wa Areta alipata habari hiyo mapema. Hakupiga kelele. Aliomba tu ruhusa ya kwenda kupumzika katika ngome ya Machaerus, iliyokuwa mpakani karibu na nchi ya baba yake. Herode, asijue kwamba mkewe ameyajua yote, alimruhusu. Kutoka pale alikimbilia kwa baba yake, na wakuu wa Areta wakampokezana njiani mpaka akafika. Mume aliyedhani anamdanganya mkewe alidanganywa yeye.

Hapa wengine watauliza: Je, kwa Wayahudi mtu hakuruhusiwa kumtwaa mke wa ndugu yake? Tujibu. Sheria ya Musa iliagiza kwamba ndugu akifa pasipo kuacha mwana, nduguye amwoe mjane, ili jina la marehemu lisipotee. Lakini ndugu wa Herode hakuwa marehemu. Alikuwa hai. Na Sheria ile ile ilikataza kabisa kumtwaa mke wa ndugu aliye hai. Hii ndiyo sababu Yoane alimwendea mtawala na kumwambia waziwazi kwamba si halali kwake kuwa na mwanamke yule. Hakuenda kumsengenya kisimani, wala kumchongea barazani. Alimwambia mwenyewe. Naye Herode akamtia gerezani.

II. Kinyongo kilichongojea siku yake

Marko aeleza kwamba Herodia alimwekea Yoane kinyongo, akataka kumwua, asipate njia. Kwa nini hakupata njia? Kwa sababu Herode mwenyewe alimlinda Yoane. Alijua kwamba ni mtu mwenye haki na mtakatifu. Tena alipenda kumsikiliza, ingawa maneno yake yalimtia mashaka makubwa.

Tazameni mtu huyu vema, wakatekumeni wapenzi. Alipenda mafundisho, akakataa kutubu. Alimheshimu mhubiri, akamweka katika minyororo. Pengine hata sasa yuko mtu afikaye kwenye mafundisho kila juma, aimbaye kwa sauti nzuri, ajuaye majibu yote ya katekismu. Lakini mwanamke wa pili yuko bado nyumbani kwake, au mali ya yatima iko bado sandukuni mwake. Aambiwapo habari hiyo, husikia mashaka moyoni, kisha hurudi kwake jinsi alivyokuja. Herode pia alisikia mashaka. Mashaka hayakumsaidia neno, kwa kuwa hakuyafuata.

Josephus ataja sababu nyingine ya kifo cha Yoane. Asema Herode aliogopa kwamba Yoane, kwa vile alivyopendwa na watu wengi, angeweza kuwaamsha waasi. Sababu hizi mbili zaweza kukaa pamoja katika nyumba moja. Mke aliogopa kuondolewa katika ndoa, mume aliogopa kuondolewa katika utawala. Na Yoane hakuwa na silaha yoyote ila neno la kweli.

Gereza lenyewe, kama Josephus asemavyo, lilikuwa katika Machaerus, ngome ile ile alikotorokea mke wa kwanza. Kilima chake chaonekana hata leo katika nchi ya Yordani, upande wa mashariki wa Bahari ya Chumvi, karibu na kijiji cha Mukawir. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua pale mabaki ya nguzo na ua wa jumba. Wajengao maboma makubwa hudhani watakumbukwa kwa maboma yao. Na kilima kile chakumbukwa kwa ajili ya mfungwa.

Ikafika siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa Herode. Akawafanyia karamu wakuu wake, maakida wa jeshi, na watu wenye cheo wa Galilea. Binti wa Herodia akaingia, akacheza, na wote wakapendezwa. Evanjili haitaji jina lake. Josephus ataja kwamba Herodia alikuwa na binti aitwaye Salome. Ndipo Herode, moyo wake ukiwa umepanda kwa furaha, akamwapia msichana kwamba atampa lolote atakaloomba, hata nusu ya ufalme.

Sasa kumbukeni lile neno niliowaambia mlishike. Herode hakuwa na ufalme. Nchi ilikuwa mikononi mwa Waroma. Hakuweza kumpa mtu hata kijiji kimoja bila Kaisari kukubali. Aliapa kutoa nusu ya kitu ambacho hakikuwa chake! Na wageni, waliolijua jambo hilo kama yeye, hawakucheka. Kwa kawaida, wanaokula chakula cha mkubwa hawacheki penye kichekesho.

Msichana akatoka akamwuliza mama yake aombe nini. Jambo hilo peke yake lilikuwa jema: mtoto asiyejua hutaka shauri kwa mzazi wake. Mama angeweza kumwambia aombe nguo, au shamba, au mali ya kuolewa nayo. Lakini kinyongo kilikuwa kimengojea siku nyingi, na sasa kiliona mlango wazi. Mama akajibu: kichwa cha Yoane. Hakufikiri hata kidogo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, kwa kuwa lilikuwa tayari moyoni tangu zamani.

Mtazame sasa msichana. Marko asema alirudi kwa haraka, akaomba apewe kichwa kile mara hiyo hiyo, tena katika sinia. Neno la sinia, katika habari ya Marko, hatulisikii kinywani mwa mama. Twalisikia kwanza kinywani mwa mtoto. Somo la chuki hujifunzwa upesi, na mwanafunzi humpita mwalimu.

III. Wageni walionyamaza

Herode akahuzunika sana. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na Evanjili haikatai. Hata hivyo, kwa ajili ya kiapo chake na kwa ajili ya wale walioketi naye mezani, hakutaka kumkatalia. Akamtuma askari. Kichwa kikaletwa katika sinia, msichana akapewa, naye akampa mama yake.

Katekismu yatufundisha kwamba mtu aliyeapa kutenda uovu hafungwi na kiapo hicho. Kuapa hivyo ni dhambi, na kukitimiza ni dhambi ya pili iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Mtu aliyeapa mbele ya wenzake, pombe ikiwa kichwani, kwamba atampiga mkewe, au atachoma nyumba ya jirani yake, au hatasema tena na ndugu yake mpaka kufa, asiseme kesho yake: Nimekwisha kuapa, nifanyeje? Atubu kwa kuwa ameapa, na aliache neno lenyewe. Kuchekwa kwa siku tatu ni mzigo mdogo. Damu ya mtu ni mzigo wa kubebwa mpaka mbele ya Hakimu wa wote.

Tena, wageni wale walikuwa nani? Walikuwa maakida na wazee, watu wa mashauri. Mmoja wao angesimama na kusema, Bwana, jambo hili halifai, labda Herode angeshukuru kimoyomoyo, kwa kuwa alikuwa akitafuta mlango wa kutokea. Hakuna aliyesimama. Hatusomi kwamba hata mmoja wao alimchukia Yoane. Walinyamaza tu, mikono ikiwa kwenye chakula. Kwa hiyo, tunapohesabu waliomwua Yoane, tusimhesabu Herodia peke yake, kama wafanyavyo wengi wakisema kwamba wanawake ndivyo walivyo. Herodia aliomba, Herode aliamuru, askari alikata, wageni walinyamaza. Kila mmoja alikuwa na fungu lake.

IV. Safari ya mwisho ya Herode na Herodia

Baada ya hayo, mfalme Areta, ambaye hakusahau aibu ya binti yake, alipigana na Herode, na jeshi la Herode likaangamizwa, karibu na mwaka wa 36. Josephus aandika kwamba baadhi ya Wayahudi waliona katika mshindo huo adhabu ya Mungu kwa ajili ya kifo cha Yoane.

Kisha katika mwaka wa 37 Kaisari mpya, Gayo, aitwaye pia Caligula, alimpa Agripa cheo cha ufalme. Agripa alikuwa kaka yake Herodia, mtu aliyekuwa ameishi kwa madeni. Herodia hakuweza kulivumilia jambo hilo. Kaka awe mfalme wa kweli, na mumewe abaki mtawala mdogo! Akamsumbua mumewe usiku na mchana, waende Roma kuomba ufalme. Herode alikataa mwanzoni, maana alipenda kukaa kwa utulivu. Mwishowe akakubali, kama alivyokubali siku ya karamu. Wakasafiri wote wawili kwa fahari kubwa. Lakini Agripa alipeleka barua ya kumshtaki Herode kwamba amekusanya silaha za askari 70,000 ghalani. Kaisari alipomwuliza kama silaha hizo zipo, Herode hakuweza kukana. Mara akanyang'anywa nchi yake yote, ikapewa Agripa. Naye akapelekwa uhamishoni Lugdunum, katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Ilikuwa mwaka wa 39. Alikwenda kuomba jina la ufalme, akapoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Jambo moja jingine yafaa tulitaje kwa haki. Kaisari alipojua kwamba Herodia ni dada yake Agripa, alitaka kumwachia mali yake, asiende uhamishoni. Herodia alikataa. Alijibu kwamba alishiriki utajiri wa mumewe, na si vema amwache siku ya taabu. Akaenda naye. Basi mwanamke huyu hakuwa na moyo wa jiwe katika mambo yote. Aliweza kupenda. Kwa nini basi aliua? Kwa sababu alimpenda mume na cheo na nyumba yake kuliko Mungu, na mtu yeyote aliyegusa vitu hivyo akawa adui wa kuondolewa. Upendo usiomtanguliza Mungu waweza kushika kisu.

V. Wake wawili katika jumba moja

Lakini tusidhani kwamba katika jumba la Herode neema ya Mungu haikuweza kuingia. Mtakatifu Luka ataja mwanamke mwingine, Yoana, mke wa Kuza, msimamizi wa mali ya Herode. Alimfuata Yezu pamoja na wanawake wengine, akamhudumia kwa mali yake mwenyewe. Na asubuhi ya Ufufuko alikuwa miongoni mwa wale waliokwenda kaburini na kuwapasha Mitume habari. Tena kitabu cha Matendo ya Mitume chamtaja Manaeni, aliyelelewa pamoja na Herode; naye alikuwa mmoja wa manabii na walimu wa Eklezya ya Antiokia. Walikula chakula cha jumba moja, wakasikia habari zile zile. Mmoja akaomba kichwa cha nabii, mwingine akatangaza Ufufuko wa Bwana. Kwa hiyo asiwepo mkatekumeni wa kusema: Mimi nimetoka katika ukoo wa walozi, au wa wauaji, au wa walevi, sitaweza. Yoana na Manaeni waliweza.

Naye Herode alipata nafasi nyingine. Yezu mwenyewe aliletwa mbele yake kule Yerusalemu, siku ya Mateso. Herode alifurahi, maana alitumaini kuona mwujiza. Alimwuliza maneno mengi, na Bwana wetu hakumjibu hata moja. Yoane alikuwa sauti iliayo jangwani. Herode aliikata sauti hiyo, na Neno wa Mungu aliposimama mbele yake, hakusikia kitu. Mkatekumeni asiahirishe. Sauti unayoisikia leo, usingoje kuisikia tena kesho.

Herode alipoujenga mji wake wa Tiberia kando ya ziwa la Galilea, alipiga sarafu za shaba zilizochorwa tete. Na Bwana wetu alipomsifu Yoane mbele ya watu, aliwauliza kama walikwenda jangwani kutazama tete linalotikiswa na upepo. Yoane hakuwa tete. Aliyetikiswa huku na huku, na mke, na wageni, na kiapo, na hofu, alikuwa yule mwenye sarafu.

Sasa, wakatekumeni wapenzi, kabla ya kulala usiku huu, kila mmoja ajiulize mbele ya Mungu. Kuna mtu ambaye jina lake likitajwa, moyo wangu waungua? Tangu lini? Nimekwenda kwake kupatana naye, au nangojea siku yangu? Watoto wangu hunisikia nikisema nini juu ya jirani zangu? Nimeapa jambo gani baya, nami naona haya kuliacha? Nimekaa wapi kimya, mwenzangu alipoonewa? Usiyafikie maji ya Ubatizo ukiwa na sinia ya Herodia imefichwa nyuma ya mgongo wako. Nenda kwanza ukapatane na ndugu yako. Ikiwa ni vigumu kwenda peke yako, mwombe mkatekista akusindikize.

Herode alitaka watu wakumbuke siku ya kuzaliwa kwake, na wameikumbuka kweli, kwa aibu yake. Lakini katika mwaka mzima Eklezya huadhimisha kuzaliwa kwa watu watatu tu: Bwana wetu Yezu Kristu, Mama yake Bikira Maria, na Yoane Mbatizaji, ambaye siku yake ni tarehe 24 Juni. Yule aliyekufa katika sikukuu ya mwingine amepewa na Mungu sikukuu isiyokwisha. Mtakatifu Yoane Mbatizaji, utuombee.